Mwaka Baba Alipokuwa Nakuru

Mwezi uliopita Musa alioa. Musa alikuwa kipa wa timu ya Baba. Baada ya pilau, na baada ya wazee kuondoka, wachezaji wa zamani walivuta viti wakamzunguka Baba pale uani kwa akina Musa, Kisugu, naye bwana harusi mwenyewe, kanzu yake bado nyeupe, akasimama kuigiza. Aliigiza pazia likifunguliwa. Aliigiza mtu aliyevaa koti juu na kikoi chini, akikipigia kelele kioo cha kompyuta. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Baba alicheka pia, akifuta macho kwa leso. Mimi niliinuka nikaenda kunawa mikono ambayo nilikuwa nimeshainawa. Nina miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, na bado siwezi kukaa kitini hadithi ile ikisimuliwa. Wao wanaisimulia kama kichekesho kwa sababu waliingia dakika za mwisho. Mimi nilikuwemo mwaka mzima.

Lazima nianze na siku Baba alipokimbia. Timu yake iliitwa Mwangaza, timu ya mtaa, vijana wa Kisugu wenye viatu vya kuazimana, na siku hiyo walikuwa wanacheza na timu moja ya Makindye mechi ya kupanda daraja. Walikuwa wanaongoza bao moja. Kipindi cha pili Baba akamtoa nahodha, Kato, beki wa kati ambaye Kisugu nzima ilimpenda kuliko diwani wake. Hakuna aliyeelewa. Kato alitoka akitazama chini, akaingia mtoto mmoja mwembamba, na kabla watu hawajamaliza kuuliza kwa nini, Makindye wakarudisha, kisha wakafunga la pili. Filimbi ilipolia, mifuko ya maji ya kunywa ilianza kuruka. "Mkenya rudi kwenu!" "Ametuuza huyu!" Baba alitembea. Halafu akatembea haraka. Halafu akakimbia, mkono mmoja umeshika kofia isianguke. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta, karibu na muuza miwa. Wavulana hukimbia, wezi hukimbia. Baba wa mtu sikuwahi kumwona akikimbia. Na hata leo kinachonichoma si kule kukimbia, ni ile kofia, kwamba katikati ya yote yale aliona kofia ni kitu cha kuokoa.

Mwenyekiti wa timu ndiye aliyekuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako Baba alikuwa mtunza stoo, kwa hiyo kazi nayo ikaisha bila mtu kutamka neno. Tukahamia Kansanga, vyumba viwili nyuma ya baa, na pazia la maua likitenganisha kimoja na kingine. Chumba cha mbele kilikuwa na kila kitu: jiko la mkaa lililoingizwa ndani mvua ikinyesha, marobota ya vitambaa vya sare ambavyo Mama alikuwa anavishona kwenye baraza la duka kule barabarani, meza moja, na dirisha lililotazama kichochoro. Ukifungua dirisha unasikia baa. Ukilifunga unasikia baa na joto. Baba alikuwa anakaa kwenye stuli kati ya meza na ukuta, na akikaa pale chumba kilikuwa kimejaa.

Kanisani tuliendelea kwenda Kisugu, mimi na Mama. Jumapili ya pili au ya tatu, Nalongo, mama yake Kato, akatushika mlangoni baada ya ibada. Nalongo ana sauti ya kuuzia sokoni hata akiwa anasalimia.

"Mama Nafula! Mwenyewe yuko wapi? Mbona hatuonagi yeye?"

"Amesafiri," Mama akasema. "Ameenda Nakuru. Kozi ya ukocha."

Nilimtazama Mama, nikaona amejishangaza mwenyewe kama alivyonishangaza mimi.

"Eh, banange! Kozi! Ya muda gani?"

"Mwaka."

"Na cheti watapatia yeye?"

"Watampa."

Nalongo alipiga makofi mara moja, akageuka kuwaambia wengine. Jumapili iliyofuata mchungaji alimwombea Baba kwa jina, huko aliko, Bwana amfungue akili. Mama aliinamisha kichwa kuliko mtu yeyote kanisani. Nyumbani alipomweleza Baba, Baba hakukasirika. Alimenya kipande cha muhogo, akakitazama, akauliza, "Kwa nini Nakuru?" Mama akasema ndilo jina lililokuja. Tangu siku hiyo Baba hakutokea tena barabara kubwa mchana, maana watu wa Kisugu hushuka Kansanga kununua vitu. Mtu hawezi kuwa Nakuru na Kansanga.

Kompyuta ililetwa na Mjomba Hezron, ndugu yake Mama, alipofunga kafe yake ya intaneti. Alituomba tumtunzie moja mpaka apate nafasi. Ilikuwa na kioo kinene cha kizamani, na kibodi iliyofutika herufi, na ndani yake wavulana wa kafe walikuwa wameacha mchezo wa umeneja wa mpira. Kwa asiyeujua: huchezi mpira wenyewe. Wewe ni kocha. Unapewa timu, unasoma barua za bodi, unachagua nani aanze na nani akae benchi, unanunua huyu, unamuuza yule, kisha unakaa kutazama viduara vyenye namba vikikimbizana kwenye uwanja wa kijani, na huwezi kuvisaidia. Ukieleza hivyo, mtu atakuuliza raha iko wapi. Mimi nitasema ilipokuwa yangu. Nilikuwa Senior Three, na nilikuwa msichana ambaye mwalimu wa zamu alimwandika hayupo huku amekaa mbele yake, kwa sababu sauti ya kusema "nipo" haikufika. Kwenye mchezo ule, mchezaji akikasirika anakuja ofisini kwako, na mchezo wenyewe unakupa sentensi tatu za kumjibu. Mwambie asubiri nafasi yake. Mwambie hana nidhamu. Mwahidi kwamba ataanza Jumamosi. Unachagua moja, unabonyeza, na mwanamume mzima wa Kizungu anakubali au ananuna. Hakuna mahali pengine duniani nilipowahi kupewa sentensi. Nilirudi kutoka shuleni nikavua viatu, nikakaa pale na sare yangu, nikawa mtu wa maneno makali. Nilishinda vikombe vingi. Niliandika kwenye shajara kwamba nimechukua ubingwa wa Ulaya, chini yake nikaandika kwamba Mercy darasani amenisalimia na sikumjibu.

Baba mwanzoni alikuwa anaucheka. "Hao ndio wachezaji? Maharage?" Halafu jioni moja, anakula muhogo na chai ya rangi nyuma ya bega langu, akasema, "Namba tatu wako amechoka."

"Umejuaje, Baba?"

"Si uangalie anavyorudi."

Kilikuwa kiduara. Nikafungua ukurasa wake, na kweli nguvu zilikuwa zimemwishia. Baba alivuta stuli. Akaniuliza nimevipataje vikombe vyote vile na mimi sioni beki anayechoka. Sikujua ni jambo la kuficha, kwa hiyo nilimwambia: ukifungwa unazima bila kuhifadhi, unawasha upya, unaicheza mechi ileile mpaka ushinde. Kule kafe kwa Mjomba kila mtu alifanya hivyo, waliita kurudisha. Baba alikitazama kile kioo na orodha ya vikombe vyangu kama mtu anayeambiwa baada ya kula kwamba kuku alikuwa wa jirani.

"Basi tuanze upya," akasema. "Bila kurudisha. Ukifungwa umefungwa, unalala nayo."

Nikampisha kiti. Nilidhani ni kwa jioni ile.

Alichagua timu ya daraja la chini kabisa, ya mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ambao jina lake hatukuweza kulitamka, akaiita Vijana. Timu kubwa, alisema, zina watu wake. Alijifunza majina yao, akawapa mengine. Beki wa kushoto, mwenye miaka thelathini na minne, alimwita Mzee. "Mzee huyu ana watoto," aliniambia, "ona anavyocheza kwa hesabu." Mchezo haukusema popote kuhusu watoto. Aliamka, akaoga, akavaa shati, akaketi. Asubuhi alikuwa anafanya mazoezi ya Vijana, mchana anasoma ripoti za wapelelezi wa wachezaji, jioni anacheza mechi. Bodi ilipoandika kwamba ina imani naye, aliisoma kwa sauti mara mbili, halafu akaniomba nimtafsirie, ingawa Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Nikatafsiri. "Bodi ina imani nawe, inaridhika na kazi yako." "Rudia hapo mwisho," akasema. Nikarudia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilielewa kabisa ninachokifanya, na uso uliniwaka. Sikutaka kuwa mtu anayemsomea baba yake sifa kutoka kwenye mashine.

Nilikuwa naona aibu kwa kila kitu mwaka ule, lakini kila aibu ilikuwa na mahali pake. Ya shuleni niliijua. Hii ya nyumbani haikuwa na mahali, ilinifuata sahanini. Tulikuwa tunakula ugali na mukene, wale dagaa wa ziwani, Baba sahani yake iko karibu na kibodi, anamega kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye mausi. Upande wa pili wa pazia Mama alikuwa anaongea kwa simu na dada yake aliyeko Bungoma, akidhani sauti ya baa inamfunika. Wimbo ukaisha ghafla, na yeye bado hajamaliza.

"Afadhali angekuwa anakunywa, dada. Ulevi watu wanaujua, unasema mume wangu ni mlevi, wanakuombea. Hili nitalieleza vipi? Mwanamume mzima anakiambia kioo, pole kijana wangu, utapona."

Baba alisikia. Nilimwona. Alichovya ugali kwenye mchuzi, akatafuna muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Nami nikatafuna. Kwa kweli siku hiyo kijana mmoja wa kiungo alikuwa amevunjika mguu.

Muhula wa tatu ulipoanza, Kato alimfuata Mama pale barazani anaposhona. Mama alituletea habari pamoja na mboga. Kocha mpya wa Mwangaza ameondoka, amechukuliwa na timu nyingine. Mwenyekiti amesema Kocha akirudi kutoka Nakuru na cheti chake, yeye hana kinyongo. Wasipompata mpaka ligi ianze, watamchukua mtu wa Makindye.

Baba aliachia mausi. Sikumbuki kama aliwahi kuiachia hivyo, katikati ya mechi.

"Wananitaka mimi au wanataka cheti?"

"Wewe," Mama akasema. "Na cheti."

"Cheti sina."

"Sema kozi iliahirishwa."

"Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa Nakuru nafanya nini?"

Mama alianza kukata sukuma wiki, nyembamba sana, kama za kuuza. Nilielewa, hata mimi, jinsi tulivyokuwa tumejinasa. Kitu pekee alichokitaka Baba kilikuwa kilomita chache tu kutoka pale alipoketi, na wenyewe walikuwa wanamwita, na hakuweza kwenda kwa sababu tulikuwa tumemsifia sana. Kila wiki iliyopita cheti kile ambacho hakipo kilizidi kuwa kikubwa. Pale kanisani Nalongo alishaniuliza kama ni kweli Baba amefundishwa na Wajerumani. Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Na Baba akarudi kwa Vijana, ambao hawakumwomba karatasi.

Wakati huohuo Vijana walikuwa wanapanda. Walimaliza katika nafasi zile za kugombea kupanda daraja, wakashinda nusu fainali, ikabaki fainali. Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika muda si mrefu, Mama yuko kwenye kazi yake. Baba alifungua sanduku akatoa koti la Mwangaza, la bluu lenye mstari wa njano, ambalo halijavaliwa tangu siku ya Makindye. Kocha hasimami fainali na fulana, alisema. Chini alibaki na kikoi kwa sababu ya joto, na kwa sababu, alisema, refa haoni chini ya meza. Alikuwa anatania. Nilitakiwa kucheka. Nilibeba masufuria nikatoka nje kuyaosha, nikakaa na mgongo wangu kwa mlango, nikifikiri kwamba kama simwoni labda haonekani.

Dirisha alilifungua mwenyewe, kwa ajili ya hewa. Na Baba, ambaye mwaka mzima alikuwa amecheza kwa kunong'ona, siku ile alijisahau. Kelele ilitoka hadi kichochoroni.

"Panda! Pandeni juu! Funga katikati! Mzee, rudi, rudi, ruuudi!"

Kisugu nzima inaijua sauti ile. Ina mkwaruzo mwishoni, kama bati linaloburutwa. Na kichochoroni, wakitoka kutafuta viatu vya mitumba, walikuwa wanapita Kato na Musa.

"Kocha!" nikamsikia Kato. "Musa, hiyo ni Kocha! Arirudi!" Akaingia uani mbio, uso mzima ni meno, akaniona. "Nafula! Kocha arirudi rini? Mbona mama yako hajasema sisi?"

Nilikuwa nimeshika sufuria yenye povu. Nilifungua mdomo. Nilisubiri, sijui nilisubiri nini, labda zile sentensi tatu. Kutoka ndani sauti ikasema, "Usimwache apige, usimwache!" Kato akacheka kwa furaha, akidhani kuna watu humo, kwamba Kocha amekuja na wageni wa Nakuru, akapiga hodi kwenye fremu ya mlango na papo hapo akavuta pazia la mlango.

Nilisimama nyuma yao. Niliona walichokiona: koti la bluu, kikoi, miguu mitupu juu ya mkeka, sahani ya muhogo, kioo cha kijani chenye viduara. Hakuna mtu mwingine. Kato alitazama kona zote za chumba kama anayetafuta timu. Musa ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu yeye aliucheza mchezo ule kwa Mjomba.

"Kumbe," akasema polepole, "hapa ndipo Nakuru."

Nikafumba macho. Baba hakugeuka. Mgongo wake ulikaza, basi. Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Vueni viatu. Mama Nafula amepiga deki."

Wakavua. Vijana wawili wakubwa, mmoja ana ndevu, wakainama wakavua viatu wakasimama na soksi zao, zimetoboka. Hawakujua la kufanya isipokuwa kutazama anachotazama. Mechi ilikuwa sare, dakika za mwisho. Winga wa wale wengine akachukua mpira upande wa kulia, akampita Mzee kama mtu anavyopita mti, akaingiza krosi, bao. Maandishi yakawaka kwenye kioo. Muda mfupi baadaye ikaisha, na Vijana wakabaki daraja lilelile.

"Si bado hujahifadhi?" Musa akasema. Nadhani alitaka kusaidia. "Zima tu, Kocha. Rudisha. Sisi wote hufanya hivyo."

"Imekwisha," Baba akasema. Sasa aligeuka kwenye stuli akawatazama. "Yule beki wa kushoto alikuwa amechoka muda mrefu. Niliona. Mkono wangu ulikuwa hapa, wa kumtoa." Alionyesha mausi. "Nikaogopa. Mashabiki wanampenda." Alicheka kidogo bila sauti. "Mashabiki gani? Niko peke yangu humu ndani. Nikaogopa."

Baa ilikuwa imenyamaza, au sikuisikia. Kato alikuwa anatazama soksi zake.

"Kocha," akasema. "Siku ya Makindye. Hii mguu yangu irikuwa imekufa. Tangu harf-time. Mimi nirikuwa naomba Mungu utoe mimi."

"Najua."

"Wewe unajua?"

"Si ndiyo maana nilikutoa."

"Na watu wakarusha maji. Na mimi nikanyamaza." Kato alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alikuwa mtu mzima kwa macho yangu, nahodha, na alikuwa analia kama mtoto wa Primary. "Mama yangu akauriza mimi, kwani urikuwa mgonjwa? Nikasema nirikuwa sawa kabisa. Ssebo, nirisema nirikuwa sawa."

Mama aliingia wakati huo, na robota la vitambaa kichwani. Aliona viatu mlangoni, aliona soksi, aliona koti na kikoi. Baba akasema, bila kumwondolea macho Kato, "Nakuru hakuna. Kozi hakuna. Nimekuwa hapa." Mama aliliteremsha robota polepole mpaka chini. Akasema, "Nafula, weka chai." Nilikwenda kuwasha jiko, nikasikiliza.

Musa ndiye aliyetafuta njia. Watasema Kocha amemaliza kozi. Watasema cheti kinakuja kwa posta, na posta kila mtu anajua ilivyo. Mwenyekiti hatafuatilia. Kato akakubali, Mama akakubali haraka zaidi. Mimi pale jikoni nilikubali kwa moyo wangu wote. Lilikuwa jambo zuri, lisiloumiza mtu.

"Hapana," Baba akasema. "Mtasema mlinikuta wapi, na mlinikuta nafanya nini."

"Watakucheka, Baba Nafula," Mama akasema.

"Wacheke, waishe hamu."

"Na mimi? Mimi nimesimama kanisani ukiombewa."

Baba aliinuka, akalichukua lile robota akaliweka juu ya mengine, akamwekea Mama stuli yake. "Wewe sema nilikutuma," akasema. "Sema ndivyo nilivyokwambia useme." Mama akakaa. Hakusema ndiyo. Wakanywa chai na muhogo uliobaki, na Kato akaonyesha kwa vijiko mahali timu inapovuja, na Baba akavisogeza vijiko. Nilikuwa nimeshikilia birika. Wengine wangeandika kwamba walijivunia baba yao siku hiyo, na ningependa na mimi niwe nimeandika hivyo. Ninayo shajara yenyewe. Niliandika, "Afadhali angekuwa Nakuru."

Walisema, kama alivyowaagiza. Habari ilifika Kisugu kabla ya Jumapili, na Jumapili Mama hakwenda kanisani, na iliyofuata alikwenda, akaketi mahali pake pa siku zote, na Nalongo akaja akaketi karibu naye akamshika mkono mpaka ibada ikaisha, bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Mwenyekiti alicheka siku mbili, halafu akasema yule wa Makindye anadai mshahara mkubwa, basi aje huyohuyo. Ndivyo Baba alivyopata timu yake. Hakupigiwa makofi.

Siku ya kwanza ya mazoezi alinisubiri nitoke shule. "Twende, Nafula, unibebee koni." Zilikuwa koni za plastiki za rangi ya machungwa, nimezikumbatia kifuani. Tulipita Kabalagala kwa miguu, mchana kweupe, yeye na koti lake la bluu, na hapo kwenye kijiwe cha bodaboda wakamtambua.

"Kocha Kompyuta!"

"Kompyuta, leo umechaji?"

"Ssebo, hiyo timu yako, tubonyeze wapi ikimbie?"

Baba alikuwa anainua mkono kwa kila mmoja. "Salama, salama. Mko salama?" Hakuharakisha, hakupunguza. Watoto wakaanza kumfuata wakiimba jina lile. Na mimi nilianza kubaki nyuma. Hatua moja, halafu nyingine, mpaka mtu asiyetujua angeweza kudhani kwamba mimi ni msichana tu mwenye koni, na yule mbele ni mwendawazimu fulani wa mtaa. Tulipofika juu ya uwanja, chini wachezaji walikuwa wameshapanga mstari. Kato alikuwa wa kwanza, mikono nyuma. Baba alisimama. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akanisubiri ili tushuke pamoja, na watoto walikuwa wamemzunguka, na watu wa pale juu walikuwa wanatazama kuona anamsubiri nani.

Niliinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nilikaa nimeinama hivyo, koni zimenibana tumboni, mpaka nikaona miguu yake mbele yangu. Alikuwa amerudi nyuma. Alizichukua koni moja moja kutoka mikononi mwangu, akazipanga moja ndani ya nyingine.

"Wewe rudi," akasema. "Mama yako yuko peke yake."

Akashuka nazo.